Fungu Nililolipaka Kijani

Jumatatu, 3 Machi
Meya kaniita. Alhamisi anakuja mkaguzi wa bodi ya utalii. Ataamua kama boti ya wageni itie nanga kwetu kila wikendi. Sharti: kisiwa kiwe na vivutio vya kumshughulisha mgeni saa nne nzima. Nikacheka. Meya hakucheka. Kisiwa chetu unakizunguka kwa saa moja na nusu, na hapo umesimama kusalimia kila mlango! Historia yetu ni mnara wa taa uliozimika na mzinga ambao haujawahi kumpiga mtu. Meya kauliza, boti isipokuja, afisa utalii wa nini? Afisa utalii ni mimi.

Jumanne, 4 Machi
Wazo! Ukutani ofisini ipo ramani ya Mama. Mama kafundisha jiografia hapa miaka thelathini na moja. Kila ghuba kaipima kwa miguu, wanafunzi wakimshikia kamba. Ramani kaichora kwa mkono, akaipa manispaa siku aliyostaafu. Hata Kapteni Jalala, mwendesha boti ya taka, huivulia kofia akipita. (Tulisoma darasa moja. Mama alimpa yeye alama nyingi kuliko mimi. Sijasahau.)

Kusini mwa kisiwa Mama kaweka fungu la mchanga, nukta tupu. Nukta zitamvutia nani? Nimelipaka kijani. Kando yake kulikuwa na maandishi madogo madogo, nikayapaka nayo. Kisiwa kimenenepa! Nikaandika juu yake: Uwanja wa Vita Kuu. Vita gani, nitajua kesho. Moyo ukaniambia niache. Nikauambia unyamaze.

Jumatano, 5 Machi
Vita nimevipata. Siku tatu, majeshi mawili, malkia mmoja. Malkia ananiliza hata mimi niliyemtunga.

Kapteni Jalala kapita, kauliza kama nimeangalia maji. Nimemwambia ashughulike na maganda yake. Jedwali la maji nimelibandika mlangoni mwenyewe: kesho yanakupwa saa tano. Kaguna, kataka kusema kitu. Nikafunga mlango.

Mama kauliza kama ramani imefutwa vumbi. Kesho anakuja kumwona mkaguzi. Kapiga pasi gauni lake la kustaafu.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu. Aibu. Aibu.

Mkaguzi ni mama mtu mzima, mpole, viatu vya ngozi. Saa tano nikampeleka mpaka katikati ya fungu. Nikamweleza adui alivyokuja ghafla kutoka baharini. Bahari nayo ikaja! Kwanza vifundoni. Nikaendelea na malkia. Magotini, mkaguzi kauliza kwa adabu kama hii ni sehemu ya maonyesho. Kiunoni, kaweka faili kichwani.

Katuokoa Kapteni Jalala. Kwa boti ya taka. Tumekaa juu ya vichwa vya samaki. Kaniambia taratibu kwamba jedwali la mlangoni kwangu ni la mwaka jana.

Ofisini Mama yuko mbele ya ramani, miwani puani, anabandua kijani kwa ukucha. Chini ya kijani yapo maandishi yake: saa za maji, na neno hatari, amelipigia mstari mara mbili. Mkaguzi, akilowesha sakafu, kauliza nani kachora ramani hii. Nilikuwa na mdomo, ningeweza kuutumia. Mama kajibu ni yeye. Kasema ni uzee, mkono umekosea.

Mama! Aliyenikata alama kwa kusahau mshale wa kaskazini!

Ijumaa, 7 Machi
Mama kanimiminia chai, kauliza kama soksi zimekauka. Basi. Afadhali angenitukana.

Sokoni wanafunzi wake wa zamani wanasikitika, eti mwalimu kazeeka, siku hizi mchanga anauona nchi kavu. Nilikuwa hapo hapo nachagua vitunguu. Nikaendelea kuchagua vitunguu.

Mchana nikaenda kwa Meya kusema kweli. Kanikumbatia! Mkaguzi karidhia boti ije, eti saa nne kwetu hakuziona zikipita. Kasema kosa la mwalimu mzee linasameheka; lingekuwa la afisa, angekikata kisiwa kizima kwenye orodha. Ulimi ukarudi ndani wenyewe.

Jumapili, 9 Machi
Mama kachora ramani mpya, siku mbili kainamia meza ya chakula. Fungu lina nukta zake, saa za maji kwa wino mwekundu. Kanikabidhi niipeleke ofisini. Kasema alijua tangu alipouona mwandiko wangu. Kasema uzee wake kaniazima mara moja tu, hana mwingine. Nikalia, mtu mzima mimi, mpaka kanisogezea kitambaa cha meza nijifute. Nimeapa. Kesho asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote, nasema kila kitu. Boti iende ikitaka!

Jumatatu, 10 Machi
Wote wakakusanyika. Kapteni Jalala kavua kofia. Nikatundika ramani kwanza, ili niseme nikiwa nimeegemea kitu. Nikaliangalia fungu. Jamani! Si lina historia ya kweli sasa? Mkaguzi kazingirwa na maji, kaokolewa dakika ya mwisho! Shahidi yupo, kashika kofia!

Nikawashukuru kwa kuja, nikawaruhusu warudi kazini. Kuungama nimekusogeza hadi Alhamisi. Walipotoka nikaandika pale juu ya nukta: Mahali pa Uokoaji Mkuu.

Kwa penseli, lakini. Safari hii nimetumia penseli. Mtu hujifunza.