Mvua Isiyosajiliwa

Ifahamike kwa wananchi wote, wa bondeni na wa mlimani, wenye miavuli na wasio nayo, kwamba kuanzia muhula wa pili mvua yote itakayonyesha nchini itakuwa somo la Hisabati. Jua litakuwa Sehemu. Upepo utakuwa Kuzidisha. Mawingu, kwa kuwa hayana msimamo, yatasubiri maelekezo.

Ndivyo ulivyosema Waraka, na Waraka haujawahi kusema uongo. Hukosea tu, tena kwa muhuri. Aliyeuandika alikuwa Mratibu Mkuu wa Hisabati ya Anga, Tabianchi na Uendelevu, bwana mwenye sauti nene na subira nyembamba. Walimu walimpachika jina la Bwana Mkakati, kwa sababu hata akitaka maji ya kunywa alitangaza kwanza mkakati wa kiu.

Siku ya uzinduzi alikuja kwenye shule ya mfano na magari matatu, watu kumi na mmoja na chupa moja. Chupa yenyewe ndiyo iliyokuwa kipimamvua, kioo kirefu chenye mdomo mpana na mistari ya milimita. Watu wanne waliishusha garini, wa tano akawaambia "polepole."

Nyuma ya umati alisimama mwalimu wa darasa la nne, ambaye shule nzima ilimwita Bi Hesabu. Alipoona magari matatu moyo ulimruka. Alidhani, maskini, wamekuja kwa ajili ya paa. Paa la darasa lake lilikuwa na matundu saba, na alikwishaandika barua tatu. Mvua ikinyesha, watoto hamsini na wanane walisongamana kwenye kona kavu ya kutosha ishirini, na waliobaki walisoma wamejifunika madaftari vichwani. Kumbe si paa. Haya, akajisemea, hata chupa ni neema.

"Mheshimiwa, karibu sana," alisema. "Hiki tukisimike pale uwanjani. Hapana mti wala ukuta, mvua itaingia vizuri."

Bwana Mkakati alimtazama toka kichwani hadi viatuni. "Mwalimu, unataka mali ya umma inyeshewe?"

"Ni ya kupimia mvua, mheshimiwa."

"Ya kupimia, sawa. Nani kasema ya kunyeshewa? Waraka Namba Saba, niliouandika kwa mkono wangu huu: mali ya umma isiachwe mvuani bila uangalizi wa afisa wa cheo cha Mratibu Mkuu au zaidi. Wewe ni Mratibu Mkuu?"

"La, mheshimiwa."

"Basi usinichoshe."

Kipimamvua kikawekwa ofisini, ndani ya kabati la vioo, katikati ya vikombe viwili vya mpira wa miguu. Mwalimu Mkuu, aliyebakiza miaka miwili astaafu na ambaye hakuogopa kitu chochote duniani ila bahasha yenye muhuri, alilifunga kabati na kuning'iniza ufunguo kwenye mkanda wa suruali.

Kabla ya kuondoka, Bwana Mkakati alitoa somo la mfano. Aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: *Shati moja likianikwa juani linakauka kwa saa mbili. Mashati sita yatakauka kwa saa ngapi?*

Binti wa fundi cherehani alinyoosha mkono. Alikuwa mdogo kuliko wenzake, na alikuwa hakosi hesabu. "Saa mbili."

"Saa mbili?" Mheshimiwa aliwageukia wageni wake, wakacheka kwa niaba yake. "Kwa nini?"

"Kwetu tunaanika hata kumi. Yanakauka pamoja."

"Mtoto mzuri, lakini umekosa. Kiongozi cha Mwalimu, ukurasa wa tisa, kinasema saa kumi na mbili. Jua haliwezi kuhudumia mashati sita kwa mpigo. Kuna foleni."

Watu kumi na mmoja walipiga makofi. Binti aliwekewa kosa daftarini kwa kalamu nyekundu.

Kazi ikaanza, na tusiwe wachoyo wa sifa: ilifana. Kila siku saa tatu asubuhi darasa la nne lilipanga mstari hadi ofisini, likachungulia kabatini, likasoma: sifuri. Watoto walijumlisha sifuri ya jana na sifuri ya leo, wakagawanya kwa idadi ya siku, wakapata wastani wa sifuri, wakachora grafu iliyolala chali. Hakuna aliyekosa. Ufaulu ulipanda hadi asilimia mia, na Bwana Mkakati alialikwa kwenye semina tatu kueleza siri ya mafanikio.

Nje, mvua zilikuwa zinanyesha kama zimekodiwa.

Bi Hesabu hakuwa mtu wa kukaa mikono mapajani. Aliokota kopo la rangi lililonyooka kuta, akalisimika uwanjani juu ya kigingi, akatumbukiza rula. Darasani alitega mabeseni saba chini ya matundu saba. Kisha akafungua daftari kubwa: ukurasa wa kushoto mvua ya kopo, ukurasa wa kulia maji ya paa.

"Beseni la bluu linajaa kwa dakika kumi na mbili, la njano kwa dakika ishirini," aliuliza siku moja, huku matone yakimpiga begani. "Yakianza pamoja, na kila likijaa tukilimwaga, lini yatajaa kwa pamoja?"

"Baada ya saa nzima, mwalimu!"

"Na tukiyamwaga kwenye bustani ya mboga, tumeokoa safari ngapi za bombani?"

Watoto waliokuwa wanachukia kugawanya walianza kugombea kugawanya. Bwana Mkakati aliposikia, alipiga simu akifoka. Watoto hawa, alisema, wanatumia maji yasiyosajiliwa. Mvua halali ni ile iliyomo kabatini.

Wiki ya tisa tundu jipya lilifunguka juu ya dawati la binti wa fundi cherehani. Daftari lake lilirowa lote, wino ukatiririka, hesabu za muhula mzima zikawa doa la bluu. Binti alikaa akigeuza kurasa zilizogandana, machozi yanamtoka. Bi Hesabu alishikwa na hasira, na mchana huohuo akaandika barua ya nne. Mwishoni aliongeza kwamba wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Majibu yalikuja upesi ajabu.

*Tumepokea barua yako. Kwanza, umelalamikia paa, lakini methali uliyoambatanisha inahusu ukuta; tafadhali chagua jengo moja. Pili, kumbukumbu za shule yako zinaonyesha kuwa haijanyesha hata tone moja kwa siku sitini na moja. Paa haliwezi kuvuja wakati wa ukame. Unaagizwa uache mara moja kumwaga maji darasani. Tatu, hongera: shule yenu imeteuliwa kuwa Kituo Bora cha Ukame, na Mratibu Mkuu atakuja kukabidhi cheti.*

"Dada yangu, nakuomba," Mwalimu Mkuu alisema, ameshika kiunoni penye ufunguo. "Siku hiyo toa mabeseni. Mgeni akiyaona itakuwaje?"

"Akiyaona atajua panavuja."

"Ndiyo hilo ninaloliogopa!"

Mabeseni hayakutolewa.

Siku ya cheti, siku ya sabini ya sifuri, mbingu zilifunguka tangu alfajiri. Hema la wageni liliangushwa na upepo, ikabidi sherehe ihamishiwe darasa la nne. Bwana Mkakati alisimama mbele ya ubao, akakohoa, akaanza.

"Ndugu wananchi, ardhi yetu imekauka..." Tone likamwangukia kwenye upara. "Imekauka, nasema. Vumbi limetanda..." Matone mawili shingoni. Alisogea hatua moja kushoto, akakanyaga beseni la njano, akaendelea na ukame akiwa na mguu mmoja majini. Ujasiri wa aina hiyo haufundishwi chuoni.

Mlangoni alitokea dereva wake, suruali ameikunja hadi magotini. "Mkuu, samahani. Maji yanajaa uwanja wa chini, pale tulipoegesha. Nisogeze gari?"

Bwana Mkakati aliwatazama wageni, akatazama cheti cha ukame mkononi mwake. "Gari halisogezwi kwa sababu ya ukame," alisema.

"Mwalimu," binti wa fundi cherehani alinong'ona, ameegemea dirisha, "tairi lina maji sentimita kumi. Mlango unaanzia thelathini. Kwa dakika kumi yanapanda sentimita nne."

"Haya, malizia. Sasa hivi ni saa nne na dakika kumi."

"Zimebaki ishirini. Ni dakika hamsini. Yataingia ndani saa tano kamili."

"Nisogeze?" dereva aliomba, sasa akimwomba mtoto.

"Hesabu hiyo imetumia maji yasiyosajiliwa!" alinguruma mheshimiwa. "Ni batili. Kaa chini!"

Maji yaliingia garini saa tano kasoro dakika mbili. Binti aliumia sana kwa dakika mbili hizo. Hakuwa ameingiza upepo.

Punde habari ikaja kwamba daraja la barabarani limefunikwa. Hapo ndipo mkakati ulipomwisha Bwana Mkakati. Alitoa simu, akampigia Mkurugenzi, mkubwa wake wa kazi, na kwa kuwa mvua ilikuwa inapiga ngoma juu ya mabati, aliiweka kwa sauti ya juu. Darasa zima likasikia.

"Mkuu, naomba trekta ije ituvute. Mvua imetuzingira."

"Mvua ipi?" aliuliza Mkurugenzi. Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Hapa nina siku sabini za sifuri, na saini ni yako."

"Mkuu, nimo ndani yake! Maji yamenifika..." Alitazama. "Kwenye soksi."

"Ndugu yangu, trekta ya dharura haitoki bila kipimo kisichopungua milimita hamsini. Wewe ndiye uliyetunga utaratibu huo. Nitumie kipimo."

Wakakimbilia kabatini. Sifuri. Bwana Mkakati aliamuru chupa ipelekwe nje, Mwalimu Mkuu akauliza kwa adabu kiko wapi kibali cha Mratibu Mkuu cha kuisimamia mali ya umma mvuani. Kibali kilihitaji muhuri. Muhuri ulikuwa garini. Gari, kwa wakati huo, lilikuwa limeanza kugeuka taratibu kutazama upande mwingine.

Walirudi darasani wamerowa wote wawili. Bi Hesabu alikuwa amekaa mezani, daftari kubwa limefunguliwa mbele yake.

"Kopo langu lina milimita sitini na nane za leo," alisema.

"Lilete! Lilete nisaini, nalisajili sasa hivi!"

"Polepole, mheshimiwa. Kushoto ni mvua, kulia ni paa. Pa kusaini ni mahali pamoja tu, hapa chini, kwa kurasa zote mbili."

Bwana Mkakati alisoma. Kulia paliandikwa kwa mwandiko wa kitoto, kwa siku sabini, beseni kwa beseni, kila lita iliyopita katika paa la darasa la nne. Siku ya daftari lililorowa iliandikwa pia.

"Ukurasa huu wa kulia... si tungeuacha?"

"Tunaweza," alisema Bi Hesabu. "Na trekta nayo tunaweza kuiacha."

Kalamu ikatoka. Bwana Mkakati alisaini huku tone likimdondokea mkononi, na Bi Hesabu akapangusa karatasi kwa upindo wa kitenge ili saini isiharibike. Hiyo saini, alijua, ilikuwa mabati.

Na ikawa mabati kweli. Kipimo kilichosainiwa na Mratibu Mkuu hakipingwi, hata kikiwa cha kweli. Ndani ya siku kumi na moja darasa la nne lilikuwa na paa jipya. Mkurugenzi, baada ya kujumlisha sifuri sabini na milimita sitini na nane na kuona hazipatani, alitoa maelekezo mafupi. Kipimamvua kikae uwanjani. Waraka Namba Saba uheshimiwe neno kwa neno. Nchi nzima ilikuwa na Mratibu Mkuu mmoja tu, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kikao.

Mvua iliyofuata ilipoanza, watoto hamsini na wanane walikuwa wamekaa kila mmoja mahali pake, madaftari makavu. Uwanjani, kando ya kioo, alisimama Bwana Mkakati. Hakuwa na mwavuli. Mwavuli wa ofisi ni mali ya umma, na mali ya umma hainyeshewi.

Bi Hesabu alifungua madirisha, akaandika ubaoni, akasoma kwa sauti: "Afisa mmoja akisimama mvuani anarowa chepechepe kwa dakika nne. Maafisa sita watarowa kwa dakika ngapi? Mwenye jibu anyooshe mkono."

Mikono ilipanda. Na kule uwanjani, polepole, mkono mmoja nao ukapanda, maji yakiteremka kwenye shati hadi kwapani.

"Haya, wewe wa nje."

"Nne, mwalimu."

"Kwa nini si ishirini na nne?"

Alipangusa uso. "Mvua haina foleni."

"Vizuri. Kaa... samahani, endelea kusimama."

Binti wa fundi cherehani alikuwa amekwisha kulikimbilia dirisha. "Na mashati, mheshimiwa?" alipaza sauti. "Yale sita?"

Kisha sauti ikaja kutoka mvuani, nyembamba kuliko tulivyoizoea. "Saa mbili, mwanangu. Yote."

Binti akarudi kwenye dawati lake, akafungua daftari jipya, akaiandika upya ile hesabu ya mashati, na akaomba kalamu nyekundu.