Ombi la Kufunga Visiwa Wakati wa Krismasi

Masama, Hai

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Utalii,
Unguja na Pemba.

Pokea salamu kutoka mlimani, ambako leo ukungu umetufunika na hata jirani simwoni.

Mimi ni mzee wa kanisa, mkulima wa kahawa, na baba wa watoto wawili mliowachukua. Mchagga, popote alipo, Krismasi hurudi nyumbani. Lakini tangu Calvin na Kindness wazijue fukwe zenu, hawaji tena. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Bahari yenu ni ya vuguvugu. Wanangu wamekulia kwenye maji ya mfereji, yenye baridi ya kumrudishia mtu akili. Mnawadekeza.

2. Huku mbuzi akichinjwa, kila mtu ana fungu lake. Mwaka jana nilichinja kama kawaida, nikagawa kama kawaida, kisha nikala langu, la Calvin na la Kindness ili mila isivunjike. Gauti iliyonipata, daktari aliiandika kwa jina langu, ila ni yenu.

3. Baada ya ibada tunanadi mazao. Zamani Calvin ndiye aliyepandisha dau la mkungu wangu wa ndizi, nami nikatembea kifua mbele. Safari hii watu walinyamaza. Kwa aibu nikapandisha mwenyewe, nikapandisha tena, nikashinda. Nilirudi nyumbani na ndizi zangu begani, mchungaji akinishukuru kwa moyo wa utoaji.

4. Kindness alituma picha ya miguu yake mchangani. Miguu tu. Imefanana kabisa na ya marehemu mama yangu. Niliitazama mpaka chai ikapoa, maana nimemkumbuka mno mtoto huyu.

Kwa hiyo naomba mfunge visiwa vyote kuanzia wiki ya Krismasi hadi mwaka mpya. Ikishindikana, ipozeni bahari. Na hilo likiwa gumu, basi tangazeni tu kwamba imeisha.

Nisalimie wote hapo ofisini, na wenye hoteli pia. Sina ugomvi nao.

Ni mimi, ninayebaki na nyumba kubwa,
Ebenezeri Nkya

N.B. Nilimpa mke wangu, Elisifa, barua hii aiposti. Ameisoma, amecheka, kisha amesema ataileta mwenyewe kwa mkono, kwani watoto wamemkatia tiketi ya kuja huko na alikuwa hajui aniambieje. Kumbe na yangu ipo. Waliogopa nitakataa. Ng'ombe nimeshamkabidhi kwa jirani. Tafadhali msifunge chochote, na mnijulishe mapema kama huko mzee wa kanisa anaweza kuvaa kaptula.