Fundi Saa na Mwalimu Hawafanani Hata Kidogo

Ndugu Mhariri,

Natumai wewe na meza yako mnaendelea vizuri. Mimi siendelei vizuri, na chanzo ni mhakiki wako.

Mimi ni mpiga chapa. Mwaka wa kumi na moja sasa, asubuhi nachapa riwaya za Fundi Saa na mchana za Mwalimu mstaafu. Jumapili mhakiki wako kaandika kwamba kazi zao zinafanana kama mapacha. Tangu hapo marafiki hawa hawasalimiani, kila mmoja anamwita mwenzake mwizi, na wote wanatishia kuja kuondoa miswada yao mezani kwangu. Kazi hii naipenda, Ndugu Mhariri, na sina nyingine. Naomba mhakiki akanushe, kwa sababu zifuatazo:

1. Anasema katika vitabu vya wote wawili, mwanamke hufunga dirisha kabla ya kusema uongo. Sasa alitaka afanyeje, majirani wasikie?

2. Anasema wanaume wa vitabuni humo hutafuta miwani iliyo kichwani mwao. Inaonekana mhakiki hajawahi kuishi na mwanamume.

3. Anasema wapenzi wao hugombana kwa ajili ya sufuria iliyoungua, tena katikati ya kitabu kila mara. Hapa naomba nieleze kitaalamu. Waungwana hawa huandika kwa mkono, na mwandiko wao ni wa kuku. Wakifika katikati huchoka, mistari ikalala kabisa. Pasiposomeka, mpiga chapa mwenye huruma huziba pengo kwa neno moja, mawili. Au sura. Wenyewe wakisoma hufurahi sana, husema hawakumbuki kuandika vizuri hivyo. Huo ni msaada, jamani, si mfanano.

4. Zaidi ya hapo hawana kitu cha pamoja ila mpiga chapa, na mpiga chapa si fasihi.

Basi awaombe radhi wote wawili, na aache kusoma vitabu viwili kwa wiki moja. Kimoja kinamtosha. Nisalimie wote hapo ofisini, naye pia, ila yeye mpe nusu.

Wako mwenye uchungu,
Mpiga Chapa wa Ghorofa ya Pili

Nyongeza: Mume wangu ameisoma barua hii, baada ya mimi kumwonyesha miwani yake ilipo, akaniuliza ni nani basi hasa anayeviandika vitabu hivyo. Nimeinuka nikafunga dirisha, ndipo nikamjibu kwamba sijui.