Mtamba wa Tecla na Ndege za Juu

Gibson alikuwa akinywa chai katika hoteli moja ya Roret redio iliposema Mahakama Kuu imefuta kanuni za serikali kuhusu mashirika ya ndege, kwa sababu umma haukushirikishwa. Wengine waliendelea kutafuna chapati. Gibson aliweka kikombe chini. Ndege hupita juu ya watu, aliwaza, na watu hupenda sana kushirikishwa.

Jioni hiyo alisimama shambani kwa Tecla, mjane mwenye majani chai kidogo na mtamba mmoja aliyekaribia kuzaa.

"Mama, ile ndege hupita hapo juu ilishawahi kukuuliza?"

"Hata salamu haijanipa."

"Basi korti imesema. Itakulipa kila ikipita. Mimi napeleka tu jina lako kwa wakili, Nairobi."

"Na wakili anataka nini?"

Gibson alimtazama mtamba kwa huzuni ya mtu aliyelazimishwa. "Yeye ni mtu wa maziwa."

Tecla alimpapasa mnyama shingoni. Huyo ndiye aliyekuwa karo ya binti yake, Chelangat. Kisha akafungua kamba.

"Mchukue, mwanangu. Lakini kesho uje kanisani nikutambulishe. Majirani nao wako na anga."

Gibson, aliyekwisha kuona zizi zima la ng'ombe akilini, alikubali kabla Tecla hajamaliza kusema.

Kesho yake aliketishwa mbele kabisa, karibu na Mchungaji Sagini. Tecla akasimama.

"Huyu ni Gibson wa Chepseon. Leo ni Jumapili ya kusaidia wajane, naye ametoa mtamba. Alimfunga jana karibu na kituo cha kupimia majani chai, kila mtu akamwona. Wazee wameenda kumleta."

Akina mama walianza kuimba. Mchungaji alimshika Gibson mkono kwa mikono yake yote miwili. Gibson alifungua mdomo. Angesema nini? Kwamba mtamba alimtoa kwa mjane?

"Sijazoea kusifiwa," alisema, na hapo hakudanganya.

"Sasa tumpe mjane gani?" Mchungaji aliuliza.

Watu walitazamana. Wajane wote walikuwa na ng'ombe, isipokuwa mmoja, ambaye hakuwa naye tangu jana jioni.

Wazee walipomfikisha mtamba, Tecla alipokea kamba akiwa ameinamisha kichwa kwa adabu.

"Kongoi, asante sana, mwanangu," alimwambia Gibson. "Wakili umsalimie sana. Mwambie ndege ikipita, nitaipungia mkono bure."