Kikao cha Mlango wa Chini

Jamani, leo nimeadhirika. Na kinachouma zaidi, nilikuwa sijaonja hata tone.

Nianze na ukweli. Dengelua, ile pombe yetu ya miwa, imenishinda. Mke wangu, Mama Neema, aliniambia mvua hizi zikiisha nikiwa bado nakunywa, anachukua watoto anarudi kwao Bungu. Hakufoka. Alisema taratibu huku anamenya viazi. (Ndiyo maana niliogopa. Angefoka ningejua hasira zitapita.)

Basi nesi mmoja hapa Lushoto akanielekeza. Kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe, wanakutana Alhamisi kwenye jengo la nyuma ya kanisa. Alinielekeza vizuri, nisimsingizie. Alisema panda ngazi, mlango wa juu. Mimi nilisikia Alhamisi na kanisa, mengine yakapotelea kwenye woga.

Nyumbani sikusema. Nikishindwa tena, bora asijue kwamba nilijaribu. Nikamwambia naenda kuulizia mbegu za karoti. Yeye akasema ana mazoezi ya kwaya, kama kila Alhamisi. Tukaachana hivyo.

Getini mlinzi akanisimamisha. "Baba, unamtafuta nani?"

"Nimeleta karoti." (Jamani! Ulimi wangu huu!)

"Ziko wapi?"

"Zinakuja nyuma."

"Zinakuja zenyewe?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kabla hajaongeza swali nikaona mlango wa chini uko wazi, watu wamekaa kwa duara. Nikajitosa.

Ndani hakukuwa na taa, na ukungu ulikuwa umeziba madirisha. Karibu wote ni akina mama, wamevaa masweta na kujitanda khanga mpaka kichwani. Moyoni nikasema, kumbe wanawake nao wanakunywa namna hii! Nikamwona mwalimu mstaafu aliyemfundisha Neema. Nikasikitika sana. (Mwalimu, nisamehe. Sasa najua hunywi.)

Huku kwetu ukichelewa kikao huwezi kujikalia tu kama gunia. Unazunguka, unampa kila mtu mkono. Na mikono yangu siku hizi inatetemeka. Nikainamisha kichwa nisione wanavyoitazama, nikazunguka naangalia viatu vya watu. Shikamoo mama. Marahaba. Shikamoo mama. Marahaba. Mmoja alichelewa kuitikia. Alinishika mkono kwa muda, halafu akasema polepole, "Marahaba." Nikaona raba zenye matope, nikapita.

Mama mwenyekiti akasema, "Karibu baba. Jisikie huru, hapa hatuchekani."

Nikasimama. Maneno nilikuwa nimeyafanyia mazoezi shambani, mbele ya kabichi. Nikayatoa kwa sauti ya mkutano wa hadhara.

"Naitwa Baba Neema. Mimi ni mlevi. Niliuza mbuzi wa mwanangu, nikamnywa. Usiku mke wangu ananivua viatu, asubuhi nakana kwamba nililewa."

Wakatazamana. Nikadhani nimewagusa. Mwenyekiti akakohoa kidogo.

"Pole baba. Wanaokunywa wako juu. Sisi ndio tunaoishi nao."

Nikautafuta mlango, siuoni. Ndipo sauti ninayoijua ikasema, "Mwacheni apumue. Huyo ni wangu."

Nikainua kichwa. Mama Neema! Na raba zake za matope.

Bibi aliyekaa karibu naye akamgeukia. "Wewe, si amekupa shikamoo sasa hivi?"

"Amenipa."

"Na wewe ukaitikia?"

"Ningefanyaje, bibi? Shikamoo haikataliwi."

Chumba kizima kikaangua kicheko. (Hapa hatuchekani, walisema.) Mwalimu alijifuta machozi kwa khanga. Hata mimi nilianza kucheka, nikidhani yamekwisha. Lakini Mama Neema hakuwa anacheka.

"Tangu mwaka jana nawaambia mume wangu hanioni," akasema. "Mlidhani naongeza chumvi."

Kicheko kikakatika. Kumbe kwaya haikuwepo. Kila Alhamisi alikuwa anakuja hapa kunililia mimi, na mimi nilikuwa sijawahi hata kumwomba aniimbie wimbo mmoja waliofundishwa. Simlaumu. Karoti zangu nazo hazikuwepo.

"Panda juu," akaniambia. "Bado hawajamaliza."

Nikapanda. Nikakuta wanaume wachache wamezunguka chupa ya chai. Nikavuta pumzi. "Naitwa..."

Mmoja akaninyooshea mkono. "Baba Neema, keti. Sakafu hii ni ya mbao. Tumekusikia yote, mpaka ya mbuzi."

Nikakaa. Wakanimiminia chai, na kikombe kilipogongana na meno yangu hakuna aliyegeuka kutazama. Kwa hilo nawashukuru.

Nilipofika nyumbani Mama Neema alikuwa ameshatangulia. Chakula kimefunikwa. Begi lake la safari limeteremshwa kutoka juu ya kabati, liko sakafuni, tupu. (Ndiyo, nimechungulia.) Labda amelitoa lipate hewa, maana msimu huu kila kitu kinaota ukungu. Labda siyo. Sipendi kumwazia mtu jambo ambalo hajalisema, kwa hiyo nikamwuliza.

"Mama Neema, begi hili la nini?"

Akanitazama usoni muda mrefu, nami sikuinama. Akasema, "Kula kwanza."

Nimekula. Nimeosha na sahani. Chekeni, ila chinichini, maana bado sijajibiwa.