Sekunde za Cheche

Jumatatu, 4 Machi
Balaa! Tumeondokewa tena. Mrusha mkuki wetu amehamia klabu ya ng'ambo ya reli, na amekwenda na mkuki. Mkuki wa klabu! Katibu wao, tunayemwita Tabasamu kwa kuwa hajawahi kuonekana na midomo iliyofungwa, amenikuta sokoni akaniuliza kama siku hizi nafanya mazoezi peke yangu. Nikacheka. Kwa uchungu.

Aliyebaki wa maana ni Cheche, fundi cherehani, binti wa mita mia nane. Hukimbia kama mtu aliyekumbuka maziwa jikoni. Mashindano makuu ni mwisho wa mwezi, na chama kimetamka: klabu isiyofikisha mtu fainali, inafutwa. Cheche akienda, nabaki katibu wa hewa.

Jumanne, 5 Machi
Nimeita wanariadha kwenye stoo tunayoiita ofisi. Nikawataka waweke mkono juu ya kikombe cha klabu, waape kutoihama. (Kikombe cha nidhamu. Cha ushindi hatuna.) Mrusha kisahani aliapa huku machozi yakimlengalenga. Nami yakanilenga.

Cheche hakuapa. Alisema mtu wa kukaa haapi, anakaa tu. Kiburi! Huyu ndiye wa kuchungwa.

Baadaye: mrusha kisahani amehamia ng'ambo ya reli. Inasemekana huko nako ameapa, na amelia.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata jibu! Nashangaa sikuliona mapema. Tabasamu hamtaki mtu hivi hivi. Kwanza husoma muda wake kwenye ubao wetu wa matokeo, pale nje ya uzio. Nani anashika saa? Mimi. Nani anaandika ubaoni? Mimi. Basi kuanzia leo Cheche anaongezewa sekunde tatu. Atakuwa wetu milele, kama kiatu kibovu kisichoibwa mlangoni.

Kocha sikumwambia. Ana ugonjwa wa ukweli. Tena haoni vizuri tangu alipoikalia miwani yake.

Jumamosi, 9 Machi
Ushindi! Tabasamu amekuja, ameegemea uzio, amesoma ubao. Midomo ikafungika! Nimeishuhudia kwa macho yangu. Nilirudi nyumbani nikiimba hadi mke wangu akauliza nani kafa.

Doa dogo tu. Cheche aliomba kuiona saa. Nikaifuta upesi. Akasema mbona anajisikia mwepesi kuliko juzi. Nikamwambia wepesi ni hisia, saa ni ukweli. Sentensi nzuri. Naihifadhi hapa.

Jumatatu, 11 Machi
Tatizo la kihesabu. Kadiri ninavyomwongezea sekunde, ndivyo binti anavyozidi kukimbia. Leo imebidi nimpe tano ili aonekane anazorota kwa mpangilio. Wenzake wameanza kumwita Mshumaa. Kocha anasema anakuja uwanjani kabla ya jua na hali chakula vizuri.

Baada ya mazoezi alinifuata, akauliza kama aache mbio ashike cherehani yake tu. Nikamfariji kuwa hata konokono hufika. Hakucheka. Nilihisi kichomi hapa kifuani. Nadhani nilikula haraka.

Alhamisi, 14 Machi
Msiba. Cheche hakutokea mazoezini. Nimeulizia, nimepata. Alikwenda ng'ambo ya reli!

Si kuhama. Afadhali angekuwa amehama! Alikwenda kumwomba kocha wao amtazame, amwambie ana kasoro gani, kwa sababu klabu yake inamtegemea na hataki kumwangusha katibu wake. Katibu wake! Wakampima. Kocha wao akaitikisa saa akidhani imekufa. Wakaleta nyingine. Ya mwisho aliileta Tabasamu mwenyewe, meno yote nje.

Ijumaa, 15 Machi
Cheche amekuja kazini kwangu, duka la vifaa vya ujenzi, akasimama kaunta kati ya misumari na makufuli. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza. Alisema Tabasamu anamwita tangu mwaka jana, naye amekuwa akikataa, kwa sababu ni kwenye vumbi letu ndiko alikojifunzia kukimbia. Nikasema nilifanya vile kwa mapenzi ya klabu. Akasema, "Shikamoo mapenzi. Mimi nilikuwa naamka alfajiri kulia, Katibu."

Kisha akaweka fulana yetu juu ya kaunta. Imefuliwa, imepigwa pasi. Mteja aliyekuwa nyuma yake akauliza inauzwaje.

Nilipomsimulia mke wangu alisikiliza hadi mwisho. Halafu: "Baba watoto, yaani umemfukuza mtu ili asiondoke." Nikamwambia mambo ya riadha ni mazito. Akaenda kulala.

Jumapili, 17 Machi
Nimetafakari kwa utulivu, hatua kwa hatua. Kosa langu nimeliona. Ni saa! Saa haiaminiki, kwani kila mtu anaweza kuwa na yake. Lakini uwanja ni mmoja, na mistari nachora mimi.

Mungu hamtupi mja wake. Jana Kocha ametuletea mkimbiaji mpya, mdogo wake wa kike ambaye ni fundi bomba, miguu mirefu kama ngazi. Akiiva kabla ya mwisho wa mwezi, fainali tunayo na klabu inapona. Bila shaka Tabasamu ameshapata habari. Kwa hiyo leo asubuhi nimebeba mfuko wa chokaa, nimezipanua kona zote za uwanja kidogo. Kidogo tu. Sasa walete saa za dunia nzima!

Binti huyo mpya amemaliza mzunguko akihema, akauliza mbona uwanja wa hapa ni mrefu. Nikamwambia klabu yenye historia ndivyo ilivyo. Akasema basi atakwenda ng'ambo ya reli kumuuliza Cheche alikuwa akifanyaje.

Nimemruhusu kwa moyo mkunjufu. Nimempa na nauli. Acha Cheche ajionee kwamba bado tuna watu.