Waliorudi Nyabuhele

Kwa heshima na taadhima, Mamlaka ya Muda ya Kuhuisha Kinamasi cha Nyabuhele inautangazia umma wa Mwanza, pamoja na viumbe wote wasio umma, kwamba kinamasi kimefufuka. Zoezi limefanikiwa kuliko ilivyoruhusiwa.

Mimi ni Venant, Afisa Uhusiano wa Mamlaka. Natoa taarifa hii nikiwa nje, kwa kuwa ofisi kwa sasa ina matumizi mengine.

Nyabuhele ni bonde lililo pembeni mwa Buhongwa. Zamani lilijaa mafunjo hadi ziwani. Kisha wakaja watu wa maendeleo, wakachimba mitaro, maji yakakimbia, mafunjo yakafa, vyura wakanyamaza. Ndipo likatoka agizo la kulirudisha bonde katika hali yake, na Mkurugenzi wetu, Mhandisi Alexander Mihayo, akachukua hatua ya kwanza ya uhifadhi wowote: akajenga ofisi.

Aliijenga katikati ya bonde, penye kina kuliko pote, juu ya malori na malori ya kifusi. "Daktari hakai mbali na mgonjwa," alituambia. Hakuna aliyeuliza kwa nini daktari amemkalia mgonjwa kifuani. Tulikuwa tumeshapewa viti vya kuzunguka.

Upande wa chini, karibu na ziwa, kilibaki kipande kimoja tu cha mafunjo. Hapo anaishi Mama Evelina, anayesuka majamvi ya mafunjo hayo na kuyauza mjini. Kipande chake hakikukauka, kwa sababu watu wa mitaro walipofika aliwatoa mbio na panga. Mkurugenzi alipakagua mahali hapo akapapenda mno. Aliona hoteli ndogo yenye baraza la kutazamia ndege. Kwa bahati mbaya, aliona pia nyumba ya mtu.

Ndipo ikazaliwa Kanuni ya Kupisha: popote viumbe wa kinamasi watakaporudi, binadamu apishe mara moja, bila fidia, awe nani awe nani. Hayo maneno ya mwisho niliyaongeza mimi, kanuni ipate uzito.

Nilimsindikiza Mkurugenzi kumpelekea mama habari njema.

"Shikamoo mama," alisema, maana ni mtu wa maadili. "Unahama lini?"

"Marahaba baba. Nihamie wapi?"

"Hilo liko nje ya mradi."

"Na nani kasema nihame?"

"Vyura, mama. Wakirudi tu, kanuni inakutaka upishe."

Mama Evelina hakuinua macho kwenye jamvi lake. "Vyura wa hapa hawajawahi kunilalamikia. Hao wako wamekupataje, wamepiga simu?"

"Mama, hili ni suala la bayoanuai."

"Sawa, baba. Ila wajukuu wangu wanasoma shule ile pale juu, na kazi ninayoijua ni hii ya kusuka. Ukinitoa kwenye mafunjo umenitoa kwenye chakula."

Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa huruma iliyokuwa ndani ya bajeti.

Tukafukia mitaro. Hapa nalazimika kutoa siri ya kitaalamu: kuhuisha kinamasi ni kuziba palipotobolewa, kisha kuacha kusumbua. Hilo la pili lilitupa shida sana kama taasisi. Masika yalipofika, maji yakakaa. Mafunjo yakatambaa kutoka kwa Mama Evelina yakipanda bondeni. Wakafuata kereng'ende, wakafuata samaki wadogo, wakafuata ndege walao samaki. Wakatua hata korongo wenye taji, ambao vijana wa Buhongwa walikuwa wakiwajua kwa picha tu.

Mkurugenzi akaitisha tathmini harakaharaka. Akaletwa mwanabiolojia, Dokta Hadiya, mwanamke mfupi mwenye mabuti marefu. Alipelekwa moja kwa moja kwa Mama Evelina, kijiji kizima kikifuata nyuma.

"Andika, Dokta," alisema Mkurugenzi. "Vyura, hao. Samaki kamongo, yule pale kwenye tope. Wamerudi. Mama, anza na vyombo vikubwa."

Dokta Hadiya akachutama, akatazama. "Hawa hawajarudi."

"Mbona nawaona?"

"Hawajarudi kwa sababu hawakuondoka. Mama, umekaa nao muda gani?"

"Hao? Nimewakuta nilipoolewa. Mama mkwe naye aliwakuta."

"Basi mama abaki," alisema Dokta. "Hapa ndipo ilipobaki mbegu ya bonde zima. Bila yeye mngehuisha tope tupu. Nionyesheni mahali walipotoweka kabisa, kisha wakarudi."

Watu wote wakageuza shingo kuelekea ofisini kwetu.

Kifusi kilikuwa kikititia tangu mvua za kwanza. Ndani ya Mamlaka tuliita hali hiyo unyevu wa kiutawala. Tukaingia, maji magotini. Mafunjo yalikuwa yametoboa sakafu ya masjala. Vyura walikuwa wamejaa ukumbi wa mikutano, na naweza kuthibitisha kwamba walizungumza kwa zamu. Chini ya meza ya Mkurugenzi alilala kamongo mnene kama paja. Mkurugenzi alijaribu kumsukuma kwa mguu. Kamongo akabaki na kiatu.

"Hapa sasa," alisema Dokta Hadiya kwa furaha ya kweli, "wamerudi."

"Apishe!" kijiji kikaitikia dirishani. "Awe nani awe nani!"

"Subirini!" Mkurugenzi alikuwa tayari juu ya meza. "Kanuni inasema binadamu. Mimi si binadamu wa kawaida. Mimi ni sehemu ya ikolojia ya bonde hili!"

Dokta Hadiya, ambaye hadharau hoja ya mtu, akatafakari. "Ulifika lini?"

"Na mradi."

"Ulipofika, wenyeji walipata nafasi zaidi au walibanwa?"

Mkurugenzi akakohoa.

"Una tabia ya kuenea?"

"Alitaka aenee mpaka kwangu," alisema Mama Evelina.

"Basi uko kundi moja na gugumaji," Dokta akahitimisha. "Kiumbe vamizi."

Kuhusu viumbe vamizi, mwongozo wa Mamlaka uko wazi, na umma uondoe shaka: ulifuatwa neno kwa neno. Vijana walimwondoa kwa mikono, bila kemikali, kabla hajachanua.